Pacha wa Taifa

Bendera hakuwa na kaka wala dada, ila alikuwa na pacha, na pacha huyo alikuwa nchi nzima. Ndivyo alivyoambiwa tangu alipoanza kupambanua mambo: kwamba siku wageni walipofunganya virago, bendera mpya ikapandishwa mlingotini na mizinga ishirini na moja ikapigwa uwanjani, ndiyo siku mama yake alipojifungua katika hospitali kuu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka uwanja huo. Wa kwanza kumwita Bendera walikuwa wauguzi. Jina lake hasa likabaki kwenye vyeti, likitumika siku za kupiga kura na siku za kuchukua dawa.

Serikali wakati huo ilikuwa changa, na kama mzazi yeyote wa mara ya kwanza, furaha ilikuwa imeizidi kimo. Waziri alitangaza redioni kwamba watoto kumi na wawili waliozaliwa hospitalini siku hiyo wangeitwa Watoto wa Taifa, na kila mwaka, siku ya kumbukumbu, wangekaa uwanjani pamoja na wakubwa. Ahadi hiyo ilitimizwa, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu ahadi nyingine za siku ile.

Bendera alipokuwa na miaka mitano alikaa mbele kabisa, kwenye zulia, na shada la maua lililomzidi ukubwa. Alipofika kumi na tano alikuwa safu ya tatu. Alipofika arobaini walimweka nyuma ya bendi ya polisi, mahali ambapo sherehe nzima ilikuwa ni mgongo wa askari mnene na mdomo wa tarumbeta lake. Kila mwaka alipewa utepe wa kuvaa begani, soda moja, na kikasha chenye mkate na yai la kuchemsha. Utepe ulirudishwa saa kumi jioni. Aliyesahau kuurudisha alifuatwa nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Aliingia idara ya ufuaji ya hospitali ile ile akiwa na miaka ishirini na miwili, akaanzia kwenye mapipa ya kulowekea, akapanda hadi kwenye rola, lile lichuma refu la moto linalomeza shuka lenye makunyanzi na kulitema limenyooka kama karatasi. Miaka thelathini na minane alisimama mbele ya rola hilo, mvuke ukimpanda usoni, na aliweza kukuambia kwa kugusa tu kwamba shuka hili ni la wodi ya upasuaji, na hili ni la wazazi. Hakuwahi kuchelewa. Siku pekee aliyoomba ruhusa ilikuwa sikukuu ya taifa, na kila mwaka msimamizi wake alimpa kwa kinyongo, akinung'unika kwamba wagonjwa hawaachi kuchafua mashuka eti kwa sababu nchi imezaliwa. Kwa hiyo siku ambayo watu wengine walilala hadi jua likawachoma, Bendera aliamka alfajiri, akavaa gauni lake la heshima, akaenda kukaa juani kwa muda wa saa tisa nyuma ya tarumbeta. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapumziko yake.

Kuwa pacha wa nchi si lelemama. Mvua zikigoma, majirani walimwambia ndugu yake amekauka. Umeme ukikatika, walimpigia ukuta wakamwomba azungumze na pacha wake. Yeye alicheka nao, lakini moyoni, na hili hakumwambia mtu, alijiona anahusika kidogo. Mwaka nchi ilipopata katiba mpya, yeye alipata talaka. Mwaka goti lake la kulia lilipoanza kumsumbua ndio mwaka reli ilipofungwa. Akawa na tabia ya kusikiliza taarifa ya habari kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo vyake mwenyewe.

Basi wakafikia sitini, yeye na nchi yake. Kwa mujibu wa sheria, mtumishi wa umma akitimiza sitini anastaafu, hivyo barua ya kustaafu na barua ya mwaliko zilimfikia katika wiki moja. Ya mwaliko ilikuwa ndefu. Ilisema kwamba kati ya Watoto wa Taifa walikuwa wamebaki wawili tu: yeye na mzee mmoja aliyejulikana kama Dereva, aliyeendesha malori ya masafa hadi mgongo ukamshinda. Wengine walikuwa wamefariki, wawili walihamia ng'ambo, na mmoja alifutwa kwenye orodha baada ya kugombea ubunge kwa chama kisichotakiwa. Kwa kuwa walibaki wawili, thamani yao ilikuwa imepanda. Bendera angekaa safu ya kwanza, angempa Rais mkono, na angezungumza kwa dakika mbili mbele ya umma. Picha yake ingewekwa kwenye mabango. Ila aliombwa alete nakala ya rekodi yake ya kuzaliwa kutoka hospitalini, kwa sababu mwaka uliotangulia, katika mji mmoja wa mbali, alijitokeza mtu aliyedai ni Mtoto wa Taifa, na alipokaguliwa akakutwa ana miaka arobaini na mitatu.

Bendera hakuona shida. Masjala ya hospitali ilikuwa ghorofa moja tu juu ya chumba cha pasi, na karani wake, mwanamke waliyemwita Miwani, alikuwa rafiki yake wa chai. Wakapanda pamoja kwenye rafu za nyuma, wakafuta vumbi kwenye daftari la wodi ya wazazi la mwaka ule, wakalifungua mezani. Miwani akapitisha kidole kwenye ukurasa wa siku yenyewe. Kulikuwa na watoto kumi na mmoja. Akapitisha kidole tena, polepole, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Walikuwa kumi na mmoja.

Wakafunua kurasa za mbele. Jina la mama yake Bendera lilikuwa hapo, kwa wino mweusi na mwandiko mzuri: mtoto wa kike, kilo tatu na robo, saa nane mchana. Ilikuwa siku ya tisa baada ya uhuru.

Miwani alivua miwani yake, akaipangusa, akaivaa, kisha akasema labda walikosea kuandika. Lakini alikuwa karani kwa miaka ishirini na sita, na sauti yake haikuwa na imani na maneno hayo. Akatoa nakala, akapiga mhuri, akampa rafiki yake bila kumtazama usoni.

Mama yake Bendera alikuwa na miaka themanini kasoro mmoja, na waliishi pamoja katika vyumba viwili. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Bendera aliketi karibu naye, upande wa sikio lililo zima, akamsomea karatasi. Mama hakushtuka. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye ungo.

"Ulizaliwa Jumanne," alisema. "Kulikuwa na jua tu, na barabara hazina watu. Wote walikuwa wamerudi makazini."

"Na mizinga, mama?"

"Mizinga niliisikia. Nilikuwa nimeketi kizingitini kama hivi, wewe tumboni, ukaruka. Kwa hiyo hata wewe uliisikia."

Kisha akaeleza, bila haraka, kama mtu anayesimulia jinsi alivyonunua sufuria. Serikali ilikuwa imeleta hospitalini mablanketi kumi na mawili ya sufu, yaliyotariziwa nembo ya taifa, ya kuwavika watoto wa siku ile. Waziri alishatangaza kumi na wawili kabla hata siku haijaisha, kwa kuwa alihesabu mablanketi, hakuhesabu watoto. Waliozaliwa wakawa kumi na mmoja. Muuguzi mkuu akabaki na blanketi lisilo na mtoto, na kila asubuhi alipigiwa simu kutoka wizarani kuulizwa mtoto wa kumi na mbili anaendeleaje. Alijibu kwamba anaendelea vizuri. Siku ya tisa akaingia mama yake Bendera, msichana wa miaka kumi na tisa, akajifungua, na mtoto akafungwa kwenye kitambaa cha pazia. Muuguzi mkuu akamtazama mtoto, akalitazama blanketi, akaandika kadi ya kliniki yenye tarehe ya uhuru. Kadi ndiyo iliyozaa cheti, na cheti ndicho kilichozaa mengine yote.

"Kwa nini hukuniambia?" Bendera aliuliza.

"Ulikuwa msimu wa baridi," mama alisema. "Ulitaka nikatae blanketi?"

Kilichomsumbua hakikuwa mama yake. Kilichomsumbua ni kwamba miaka sitini alikuwa amebeba aibu na fahari za mtu asiyemhusu. Aliikumbuka miaka ya umeme kukatika na jinsi alivyokuwa akiinamisha kichwa, akajiona kama mtu aliyelia kwa uchungu msibani kisha akaambiwa amekosea nyumba.

Kesho yake alikwenda kwenye ofisi za kamati ya sherehe. Alipokelewa na Afisa wa Itifaki, mwanamume mpole mwenye tai fupi na simu mbili, aliyempa kiti na kumsifu kwa jinsi alivyotoka vizuri kwenye bango. Bango lenyewe lilikuwa ukutani nyuma yake: Bendera akitabasamu, na chini yake maneno, Tulizaliwa Pamoja. Akamkabidhi nakala. Afisa akaisoma, akainuka, akafunga mlango, akaketi, akaisoma tena. Kisha akafungua droo na kuitumbukiza ndani.

"Hii hatujaiona," alisema.

"Mimi nimeiona," Bendera alisema.

Afisa alimweleza kwa upole kwamba mabango elfu nne yalikuwa yamekwisha kubandikwa. Alipoona hilo halikumgusa, akashusha sauti na kujaribu njia nyingine. Alimuuliza kama anaifahamu ile picha ya askari wawili wakipandisha bendera, ambayo imo kwenye vitabu vyote vya shule. Bendera alisema nani asiyeifahamu. Afisa akasema picha ile ilipigwa siku mbili kabla, kwenye mazoezi. Siku yenyewe ilinyesha, mpiga picha akakimbilia kwenye hema la wageni, na kamba ya mlingoti ikakwama, ikabidi askari mmoja apande ngazi aivute bendera kwa mkono. Hata mizinga haikuwa ishirini na moja. Ilikuwa kumi na saba, minne ililowa.

"Na je, mama, nchi haikuzaliwa?" alimalizia, akatabasamu kama daktari aliyepata mshipa.

Bendera aliondoka akiwa hajafarijika. Alikuwa kama mtu aliyekwenda kuungama kwa padri, akamkuta padri naye yuko kwenye foleni.

Aliyebaki wa kumwambia alikuwa Dereva, na huyo ndiye aliyemwogopa. Dereva na Bendera walikuwa na ugomvi wao wa miaka thelathini, ugomvi wa utani, kuhusu nani ni mkubwa. Dereva alizaliwa alfajiri ya siku ile, na alipenda kumwita Bendera mdogo wangu mbele za watu. Lakini Dereva hakuzaliwa hospitalini. Magari ya wagonjwa yote yalikuwa yamepelekwa uwanjani, yamepangwa mstari nyuma ya jukwaa, ikitokea mgeni wa heshima akazimia. Mama yake akajifungulia nyumbani, sakafuni. Na kwa kuwa waziri alisema waliozaliwa hospitalini, Dereva hakuhesabiwa. Alizunguka ofisi hadi ofisi na viapo vya mkunga na majirani wawili, na alipoingizwa kwenye orodha alikuwa na miaka thelathini, watoto watatu na upara. Wakamwandika wa kumi na tatu.

Siku ya mazoezi, wawili hao waliketi safu ya kwanza kwenye viti vilivyofunikwa nailoni, wakisubiri askari wajifunze kugeuka kwa pamoja. Bendera akamweleza yote, tangu daftari hadi blanketi. Hakujitetea. Dereva alisikiliza akiwa amekaza macho uwanjani hadi kikosi kizima kilipopita na kurudi.

"Mimi nilibeba mafaili hadi nikaota kibiongo," alisema hatimaye. "Wewe hukuulizwa hata siku moja."

"Sikuulizwa."

"Na wale kumi na mmoja wa kwenye daftari ndio hawapo tena."

"Hawapo."

Dereva akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, halafu kikaja kingine chenye furaha kidogo. Akasema kwa hiyo taifa zima limebakiwa na watoto wawili, mmoja aliyekataliwa na mmoja aliyeokotwa. Bendera akamwambia anakusudia kusema ukweli siku ya sherehe, lakini anachelea wasije wakaanza kumkagua na Dereva upya. Dereva akafikiri. Akasema afanye anavyoona, ila yeye hapandi tena ngazi ya ofisi yoyote. Kisha akaongeza kwamba kumbe kweli yeye ndiye mkubwa, na kwa siku tisa nzima, si kwa masaa kama walivyokuwa wakibishana.

Siku ikafika. Uwanja ulifurika, bendi ikapiga, Rais akazunguka na gari la wazi. Wimbo wa taifa uliimbwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza vipaza sauti vilikuwa vimezimwa. Bendera alikuwa amepewa karatasi yenye mistari sita iliyoanza, Nilizaliwa mizinga ikilia. Alipoitwa alipanda jukwaani, akaikunja karatasi mara nne kwa unadhifu wa mtu wa kazi yake, akaishika mkononi.

"Mimi sikuzaliwa siku hii," alisema. Vipaza sauti sasa vilikuwa vinafanya kazi vizuri kabisa. "Nilizaliwa siku tisa baadaye. Siku hii magari ya wagonjwa yalikuwa hapa uwanjani. Mimi nilikuja watu walipokwisha kurudi kazini. Walikuwa na blanketi lililobaki, wakanipa mimi. Mtoto wa siku hii ni huyu kaka yangu aliyeketi pale, na alizaliwa sakafuni. Mpigieni makofi yeye. Asanteni."

Afisa wa Itifaki, chini ya jukwaa, alifumba macho. Ndipo makofi yakalipuka. Watu walisimama. Wanawake wa jukwaa la mashariki walipiga vigelegele. Rais aliangua kicheko, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyepatikana, akaanza kupiga makofi naye, na mawaziri wote wakafuata. Mshereheshaji akanyakua kipaza sauti na kuwaeleza wananchi kwamba maneno hayo ni mazito, kwamba mama anatufundisha uhuru hauji kwa siku moja, uhuru huja watu wanaporudi kazini.

Bendera alijaribu kusema kwamba hapana, alimaanisha Jumanne. Lakini bendi ilikwisha kuanza.

Magazeti ya kesho yake yalimwita Mama wa Mafumbo. Gazeti la serikali liliandika kwamba amewahimiza vijana kupenda kazi. Gazeti la wapinzani liliandika kwamba amethubutu kusema mbele ya Rais kuwa wananchi wamegawiwa blanketi lililobaki. Mhadhiri mmoja alikaa redioni saa nzima akifafanua maana ya namba tisa. Mama yake, aliyefuatilia yote akiwa na redio sikioni, alisema amezungumza vizuri, ila angetaja na uzito wake, maana kilo tatu na robo kwa wakati ule haikuwa mchezo. Bendera alikuwa ametamka ukweli mtupu mbele ya watu elfu arobaini, na hakuna hata mmoja aliyeamini, isipokuwa mama yake, Dereva, Miwani na Afisa wa Itifaki, ambaye alimpigia simu kumpongeza kwa busara.

Kwa makaratasi ya serikali, utumishi wake ulikoma siku ya sherehe. Asubuhi iliyofuata aliingia chumba cha pasi saa kumi na mbili na nusu, akafunga aproni yake. Msimamizi akamwambia jina lake halimo kwenye zamu. Bendera akajibu kwamba anajua, lakini yeye bado hajafika sitini, zimebaki siku tisa ukihesabu na leo, na hapendi kuondoka kabla ya wakati. Msimamizi alikuwa amesoma gazeti. Alidhani hilo nalo ni fumbo, na hakutaka kuonekana hajalielewa. Isitoshe, watu mia mbili walizimia kwa jua uwanjani, na mashuka yalikuwa yamerundikana hadi dirishani. Akamwonyesha rola.

Akapiga pasi siku tisa bila mshahara na bila kueleza mtu. Siku ya tisa, saa nane mchana, alikuwa katikati ya shuka la wodi ya wazazi. Hakusimamisha mashine. Alilisubiri litoke upande wa pili, akalikunja, akaliweka juu ya mengine, akaendelea na lililofuata hadi zamu ilipokwisha. Kisha akavua aproni, akawapa wenzake mkono mmoja mmoja, akawaambia kwamba leo ametimiza sitini. Wakamwitikia kwa heshima, wakatazamana. Alipotoka, mmoja alisema kustaafu kunachanganya watu, maana keki ya miaka sitini walikwisha kuila wiki iliyopita.

Mwaka uliofuata mwaliko ulikuja tena, umepigwa mhuri wa dhahabu, ukimwomba aandae mafumbo mapya. Aliujibu kwa mstari mmoja, kwamba hana, na kwamba kiti chake apewe kaka yake mkubwa akipenda kuweka miguu juu yake. Dereva alikwenda peke yake na utepe begani, akakaa safu ya kwanza, na walioona runinga wanasema aliweka miguu kweli.

Bendera hakuona. Asubuhi hiyo alilala. Jua lilipanda, likaingia dirishani, likamfikia kwenye mto, naye akageukia ukutani akaendelea. Kufika saa nne jirani akaja kubisha hodi kwa wasiwasi, akimuuliza mama kama bintiye anaumwa, maana leo ni sikukuu na hajamwona akitoka na gauni lake.

"Haumwi," mama alisema, akapunguza sauti. "Anasherehekea."